Jembe na Simu Mikononi mwa Mkristu

Masomo: Kitabu cha Kutoka, sura ya 32 na ya 35



Wahenga walisema: "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Maana yake, mtu hufurahia kitu kipya hata kama kitu hicho kitamwuma baadaye. Methali hiyo yafaa kutafakariwa siku hizi katika bonde la Ruzizi. Kutoka Kamanyola mpaka Luvungi, kutoka Luberizi mpaka Sange, kando ya barabara kuu iteremkayo kutoka Bukavu kwenda Uvira, simu ya mkononi imeingia katika maisha ya watu. Mkulima wa mpunga anayo mfukoni, mchunga ng'ombe ameitundika shingoni, mama mwuza nyanya ameifunga katika pindo la kitenge chake. Na mahali ambapo nyaya za umeme hazijafika, paneli za jua zimewekwa juu ya mabati, na vijana hukaa kibandani wakingoja simu zao zitiwe umeme.

Je, Mkristu afurahie jambo hilo au aliogope? Maandiko Matakatifu yana jibu, lakini kwanza yafaa kukumbuka lililo la kwanza.

KAZI ILITANGULIA

Kabla ya simu ilikuwapo kazi. Kitabu cha Mwanzo chafundisha kwamba Mungu alimweka Adamu katika bustani ili ailime na kuitunza. Angalieni vema: jambo hilo lilikuwa kabla ya dhambi. Kwa hiyo kazi si laana. Dhambi ilileta miiba na jasho, lakini kazi yenyewe ni heshima aliyopewa mwanadamu na Muumba wake. Na Mwana wa Mungu alipofanyika mtu, hakuchagua kukaa katika jumba la mfalme. Aliishi miaka mingi Nazareti, na watu wa kijiji chake walimjua kuwa ni seremala.

Kwa sababu hiyo Kanisa limewatetea wafanyakazi. Mwaka 1891 Papa Leo wa XIII aliuandikia ulimwengu barua juu ya haki zao: mshahara wa haki, na siku ya kupumzika. Mwaka 1955 Papa Pio wa XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Na mwezi wa Mei 2025 Papa mpya alipochaguliwa, alijiita Leo wa XIV. Mwenyewe alieleza kwamba alimkumbuka yule Leo wa zamani, aliyewasemea wafanyakazi katika siku za viwanda vikubwa. Kwa maana ulimwengu wa leo nao umepata mashine mpya, hata zile zinazoiga akili ya mtu.

Basi mkatekumeni ashike neno hili la kwanza: jembe ni mkubwa, simu ni mdogo. Mdogo na amsaidie mkubwa wake, wala asimfukuze nyumbani.

DHAHABU YA WATU WALEWALE

Sasa sikilizeni habari ya Waisraeli jangwani. Musa alipokawia mlimani, watu walivua pete za dhahabu masikioni mwao, wakampa Haruni, naye akawafanyizia ndama. Wakamsujudia. Hiyo ndiyo habari ya sura ya 32. Lakini katika sura ya 35 watu walewale wanaleta tena dhahabu: vipini, pete na mapambo. Safari hii wanaitoa kwa ajili ya hema ya Mungu. Na Mungu alimjaza Roho wake fundi aitwaye Bezaleli, ili ajue kufua dhahabu, kuchonga mawe na kuchonga mti.

Dhahabu haikubadilika, wala watu hawakubadilika. Mara ya kwanza walitengeneza sanamu, mara ya pili walitengeneza mahali pa kumwabudia Mungu. Basi kosa halikuwa katika dhahabu, wala katika ufundi. Ufundi ni zawadi ya Roho Mtakatifu. Kosa lilikuwa katika mioyo iliyotaka kukisujudia kitu kilichotengenezwa kwa mikono.

Vivyo hivyo kwa vyombo vya siku hizi. Mwaka 1931 Papa Pio wa XI alifungua redio ya Vatikano, iliyojengwa na fundi Marconi mwenyewe, ili neno la Injili lisikike ng'ambo ya bahari. Lakini mwaka 1994, katika nchi jirani ya Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilitumiwa kuchochea watu wawaue jirani zao. Ufundi ni uleule wa kurusha sauti hewani. Mmoja aliutumia kwa hema, mwingine kwa ndama.

KIJANA NA GUNIA LA MBEGU

Chukueni mfano wa kijana mkulima, kama wale wanaoonekana katika kila kijiji cha bonde. Baada ya mavuno amebaki na magunia mawili ya mpunga: moja la chakula cha mke na mtoto, moja la mbegu. Siku ya soko anaona dukani simu yenye kioo kipana, inayoonyesha picha na michezo ya mpira. Usiku halali. Asubuhi anamwendea baba yake.

"Shikamoo, Baba. Nataka kuuza gunia moja ninunue simu. Ile ya zamani yanitia haya mbele ya wenzangu."

"Marahaba, mwanangu. Gunia lipi?"

"Lile la mbegu. Mbegu nitazipata tu, Baba. Nitawapigia watu."

Mzee akanyamaza. Kijana akauza gunia, akanunua simu. Mwezi wa kwanza alikuwa na furaha kubwa. Kila siku alitoa fedha ya kuitia umeme, na fedha nyingine ya kupigia. Kisha mvua ikanyesha, jirani wakaingia mashambani. Kijana akapiga simu huku na huku akitafuta mbegu. Mmoja hakuitika, mwingine alisema hana, wa tatu alikubali kumkopesha gunia moja kwa sharti la kurudishiwa mawili wakati wa mavuno.

Ndipo baba yake akamwambia: "Mwanangu, umewapigia watu wote. Shamba peke yake halipokei simu."

Mwaka ule nyumba yake ilionja njaa. Lakini kijana hakuwa mpumbavu. Alilima, akalipa deni, akatunza mbegu. Na mavuno ya pili yalipokuwa tayari, alichukua simu ileile, akamwuliza ndugu yake aliyeko Uvira bei ya mpunga kabla ya kuupakia garini. Hakudanganywa na mchuuzi wa njiani. Simu iliyokuwa ndama ikawa mtumishi.

FAIDA ZILIZO ZA KWELI

Kwa maana faida zipo, na Mkristu asizikane. Mwaka 2007 nchini Kenya ulianza utaratibu wa kutuma fedha kwa simu uitwao M-Pesa, na mwaka 2012 ukafika Kongo. Leo mtoto anayefanya kazi mjini aweza kumtumia mama yake fedha ya dawa bila kumpa msafiri aichukue mkononi katika njia yenye hatari. Mgonjwa akizidiwa usiku, jamaa wampigia mganga. Na mwezi wa Desemba 2025, vita viliposhuka katika bonde na makumi ya maelfu ya watu kukimbilia Burundi, simu ndogo ilikuwa njia ya mama kujua kama mtoto wake yu hai. Ni nani atakayesema kwamba chombo cha namna hiyo ni kibaya? Maaskofu wa dunia nzima, waliokusanyika katika Mtaguso wa pili wa Vatikano, waliandika mwaka 1963 kwamba vyombo vya kupashana habari ni miongoni mwa maajabu ambayo akili ya mtu, kwa msaada wa Mungu, imeyatoa katika viumbe.

JASHO LA WENGINE

Lakini mwenye simu na ajue vilevile imetoka wapi. Ndani yake mna vipande vidogo vinavyotunza umeme, na baadhi yake hutengenezwa kwa metali itokayo katika koltani, jiwe linalochimbwa katika milima ya Kivu. Vipande hivyo huunganishwa kwa bati, nalo hutoka katika kasiteriti, ambayo huchimbwa pia Kivu. Betri nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, upande wa Kolwezi na Katanga. Wanaume hushuka mashimoni kwa nyundo na taa ya kichwani. Wako waliofukiwa na udongo. Wako watoto waliobeba mawe badala ya vitabu. Mawe hayo huvuka bahari, yakarudi yakiwa simu yenye kung'aa, na mwana wa Kivu huinunua kwa gunia lake la mbegu.

Kwa hiyo Mkristu asiitazame simu kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Ndani yake mna jasho la ndugu zake, na penye jasho la mtu pana haki mbele ya Mungu. Asinunue simu ya wizi kwa sababu ni rahisi, kwa kuwa anayenunua cha wizi amemshika mkono mwizi. Na mwenye wachimbaji au vibarua chini yake awalipe kwa wakati.

Katika jambo hili yupo mwalimu wa karibu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akafanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua mali mpakani. Watu walimpa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika viingie nchini, viliwe na maskini. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 walimteka wakamwua, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri huko Roma. Kijana huyo naye alipenda maisha mazuri kama vijana wote. Lakini alijua kwamba kitu kilichonunuliwa kwa fedha chafu hakimletei mtu furaha. Akachagua kazi safi, hata ikamgharimu uhai.

AMRI ZA MUNGU NA SIMU

Mkatekumeni anayejitayarisha kwa Ubatizo apime matumizi ya simu yake kwa Amri za Mungu.

Amri ya tatu: Dominika mwili wa mtu ukiwa kanisani na macho yake yakiwa katika simu, hakuhudhuria Misa kwa moyo.

Amri ya tano: mwendesha pikipiki anayezungumza kwa simu barabarani anacheza na uhai wake na wa abiria wake.

Amri ya sita: picha chafu huchafua moyo, hata zikitazamwa gizani peke yake.

Amri ya saba: mfanyakazi anayelipwa kwa siku nzima, naye akapoteza nusu yake akitazama simu, ameiba saa za mwenye kazi.

Amri ya nane: mtu aliye bado kitandani asiseme, "Niko njiani, nimekaribia." Na zaidi ya hayo, asieneze habari ya vita au ya chuki asiyojua ukweli wake. Katika nchi iliyojeruhiwa, neno moja la uongo laweza kuwakimbiza watu wa kijiji kizima usiku, au kumfanya jirani amwinulie jirani panga. Afadhali kunyamaza kuliko kuwa mjumbe wa Shetani.

MASWALI MATATU KABLA YA KUNUNUA

Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alipenda sana kompyuta, akaitumia kuwaeleza watu miujiza ya Ekaristi. Lakini michezo ya kompyuta alijiwekea saa moja tu kwa juma. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo wa XIV alimtangaza mtakatifu. Alikuwa bwana wa chombo chake.

Basi mkatekumeni anayetamani chombo kipya, kiwe simu, redio au televisheni, ajiulize mbele ya Mungu:

1. Fedha hii nimeipata kwa njia ya haki?
2. Chombo hiki kitasaidia kazi gani, au kitamfaa nani?
3. Je, yuko mtu atakayelala njaa, au mtoto atakayefukuzwa shuleni, kwa sababu ya ununuzi wangu?

Dhamiri ikijibu vema, anunue kwa amani na kumshukuru Mungu. Isipojibu vema, angoje. Mchumia juani hulia kivulini, na duka litakuwapo hata baada ya mavuno.

YA KUKUMBUKA

Swali: Je, ni dhambi Mkristu kuwa na simu?
Jibu: Si dhambi. Vyombo vyema ni matunda ya akili ambayo Mungu amempa mtu.

Swali: Ni lini simu hugeuka kuwa sanamu?
Jibu: Mtu anapoipenda kuliko Mungu, kuliko nyumba yake na kuliko kazi yake.

Swali: Mkristu aitumieje?
Jibu: Aitumie kwa kazi, kwa ukweli na kwa mapendo, naye awakumbuke waliotoa jasho ili ipatikane.

Sala kabla ya kazi: Ee Mungu Baba, ibariki mikono yangu na vyote inavyoshika. Unijalie nipende kazi kama Yezu alivyoipenda Nazareti. Kila chombo nilicho nacho kiwe mtumishi wangu na wa jirani yangu, wala kisiwe bwana wangu. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Amina.