Na Mbuzi Wake Je?

Somo: Kutoka 10:24-26

Jumapili tuliona jinsi Farao alivyopatana na Musa kama mtu wa soko. Kwanza alitaka Waisraeli wamtolee Mungu dhabihu huko huko Misri. Akabanwa, akasema waende lakini wasifike mbali. Akabanwa tena, akasema wanaume tu ndio waende. Mwisho, baada ya giza la siku tatu, akakubali: nendeni hata na watoto, ila kondoo na ng'ombe wabaki. Musa akakataa. Hata kwato moja haingebaki.

Najua Musa aliwataka wanyama kwa ajili ya dhabihu, ndivyo andiko linavyosema. Lakini tazama ujanja wa Farao. Mtu akiacha mali yake kwako, utamrudisha siku yoyote utakayo.

Ujanja huo bado uko kwa nyumba zetu. Dada mmoja alikuja kwangu usiku, mdomo umepasuka, mtoto mgongoni. Tukampa chumba. Siku ya tatu mumewe akapiga simu. Hata hakutukana. Alisema tu, "Rudi, ama nichinje hiyo mbuzi, na mbwa nimwekee sumu." Mbuzi huyo alimnunua kwa pesa ya chama, na maziwa yake ndiyo ya mtoto. Mbwa naye ndiye aliyekuwa akibweka bwana akirudi amelewa, mama akapata nafasi ya kuwaficha watoto. Akaniuliza, "Pastor, nifanye nini?" Nikamjibu, "Achana na mbuzi, dada, okoa maisha." Akanyamaza. Nilidhani nimesema hekima.

Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu. Alirudi kwa sababu ya mbuzi, na safari hiyo alivunjwa mkono.

Wapendwa, maneno yale yalikuwa ya Farao, mimi nikayasema kwa sauti ya mchungaji. Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Dada yule alikuwa akilitii Neno, nami nikamwambia aliache zizini.

Basi tuombe, ndiyo, lakini tutafute na pikapu. Anayekimbilia kwetu, tukishamwuliza watoto wako wapi, tumwulize pia ana wanyama gani na nani anawatazama usiku huu. Asirudi kuwachukua peke yake. Aandamane na polisi wa dawati la jinsia, au chifu. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya 2015 inahesabu vitisho na kuharibu mali kuwa unyanyasaji, na korti inaweza kutoa amri ya kumlinda. Simu 1195 ni ya bure, mchana na usiku.

Na yule anayepanga kuondoka polepole, mbuzi anaweza kutangulia wiki moja mbele. Mbuzi hupelekwa kwa beberu kila siku, hakuna anayeuliza. (Wakunga wa Kiebrania nao hawakumweleza Farao kila kitu, na Mungu akawatendea mema.) Mbwa apigwe chanjo ya kichaa kabla hajaingia boma lenye watoto.

Kuna wazee hapa watasema, "Pastor, mwambie avumilie." Hapana. Mkono wa dada yule niliuona ukifungwa plasta. Nendeni mkamwambie nyinyi.

Tayari familia mbili zimetoa nafasi. Hazitoshi. Mwenye pembe ya zizi ya mbuzi wawili, banda la kuku, ama mahali pa mbwa mmoja kwa miezi michache, amwone Mama Mchungaji baada ya ibada, ana kwa ana. Tafadhali msiandike kwa kundi la WhatsApp la kanisa. Waume wengine wamo humo.