Jemadari Aliyemshika Kijana Mkono

Soma: Matendo 23:12–30, Mithali 11:13, Marko 6:21–28.

Buguruni hakuna siri ndefu. Katika nyumba ya vyumba sita yenye uani mmoja na choo kimoja, aliyelala na njaa na aliyelia usiku wanajulikana kabla ya saa moja asubuhi. Kwa hiyo binti wa kidato cha tatu aliyeketi kwenye benchi la kituo cha afya akiwa na sare ya shule amekwisha kufichua nusu ya habari zake kabla hajafungua kinywa. Muuza genge amemwona. Akiingia kwa nesi, neno lake la kwanza halihusu ugonjwa. “Sista, nikikwambia, mama hataambiwa?”

Binti huyu ni mfano tu. Lakini swali lake linawafikia pia walimu wa Shule ya Sabato na viongozi wa Watafuta Njia, mara nyingi ibada ikiwa imekwisha na watu wanasalimiana nje.

Mama yake si adui. Anauza mchicha na nyanya sokoni, anatoka alfajiri, na daftari zote za binti zimetoka kwenye mchicha huo. Akisikia kwamba mtu mwingine anajua jambo la mwanawe asilolijua yeye, atasema, “Mimi ndiye niliyemzaa.” Kumbukumbu la Torati 6 inaweka malezi ya watoto mikononi mwa wazazi, tena nyumbani, asubuhi na jioni. Wanaotetea usiri hupenda kuipita hoja hii upesi, na hawafanyi haki. Mtoto akifa, nesi atatoa pole, mama atazika.

Hata hivyo, binti akijua kwamba kila alisemalo litafika nyumbani kabla yake, hataacha kuumia. Ataacha kusema. Sheria ya Tanzania ilikwisha kuligusa jambo la namna hii kwa upande wa UKIMWI: mwaka 2019 Bunge liliteremsha umri wa kupima VVU bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Huzuni ya moyo haina kipimo cha tone la damu. Inajulikana tu mwenyewe akisema. Na kwa aliyekwisha kujaribu kujiua, kusema kuna hofu ya ziada, kwa sababu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Kule Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Huku kwetu mtoto bado anaweza kumwogopa mama na polisi kwa pamoja.

Soma Matendo 23:16–22. Kijana alikuwa na siri gani, na ilipita mikononi mwa nani?

Mpwa wa Paulo alisikia kwamba watu zaidi ya 40 wameapa kumwua mjomba wake. Alimwambia Paulo. Tazama alichofanya Paulo: hakumsimulia akida habari yenyewe. Alimwomba tu ampeleke kijana kwa jemadari, kwa kuwa ana neno la kumwambia. Akida akampeleka asijue neno hilo ni lipi. Kijana ndiye aliyepelekwa, siri yake ikabaki kinywani mwake mwenyewe. Jemadari naye alimshika mkono, akajitenga naye faraghani, akamsikiliza, kisha akamwonya asimwambie mtu kwamba amemletea habari hiyo.

Lakini jemadari hakuikalia habari. Uhai wa mtu ulikuwa hatarini, naye usiku huohuo aliagiza askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Maakida wawili waliambiwa walichohitaji kwa safari: wangapi, saa ngapi, kwenda wapi. Hata katika barua kwa Feliki (fungu la 30) alitaja njama tu. Kijana hatajwi.

Hapo ndipo penye mpaka. Hatari ikiwa ya uhai, mzazi aambiwe. Kunyamaza wakati huo si uaminifu wa Mithali 11:13. Ila kuambiwa juu ya hatari ni jambo moja, na kukabidhiwa kila neno la mtoto ni jambo jingine. Mama anahitaji kujua kwamba binti asiachwe peke yake na kwamba kuna vidonge vya kuondoa chumbani. Jina la mvulana aliyemwacha si dawa wala sumu.

Kwa sababu hiyo nesi asiahidi haraka. Herode aliahidi mbele ya wageni kabla hajasikia ombi, na kichwa cha Yohana kililipa. Kumwambia mtoto “sitamwambia mtu yeyote, lolote liwalo” ni ahadi ya namna ile. Afadhali ajue mapema: “Mengi yatabaki hapa. Nikiona uhai wako u hatarini, nitamwambia mtu wa kukusaidia, nawe utakuwa wa kwanza kujua.”

Na anayeumiza akiwa ndiye mzazi? Hapo kumpelekea mzazi habari ni kumrudisha mtoto motoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke serikali ya mtaa. Ipo pia simu ya mtoto, namba 116, isiyo na malipo.

Kanisani siri huvuja kwa njia yake yenyewe, macho yakiwa yamefumbwa: “Tumkumbuke binti wa dada yetu wa Malapa, anapitia mambo magumu ya akili.” Mungu hakuhitaji anuani. Majirani ndio walioipokea.

Kwa mjadala: Nesi amemwita mama kwa idhini ya binti na kumweleza hatari. Vidonge vimeondolewa. Mama amekaa kimya kidogo, mikono ikiwa bado inanuka nyanya, kisha anauliza, “Na nini kingine amesema?” Binti anamtazama nesi. Nesi amjibu nini mama huyu, bila kumdanganya?