Ushuhuda wa Mwaka wa Tano

Somo: Kutoka 16

Wiki hii naanza kwa kukiri kosa langu.

Kuna mama wa kanisa letu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, Nairobi. Kwa mwaka mmoja na nusu alishuka kutoka kilo 132 hadi 84. Alipotoa ushuhuda, nilichukua maiki nikatangaza, "Huo uzito umeenda, hautarudi tena!" Kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Sasa ni mwaka wa tano. Mwezi jana nilimtembelea kwake Free Area, maana siku hizi anaingia ibada ikiwa katikati, anakaa karibu na mlango.

"Pasta," akaniambia, "nimerudi kilo 98. Na wewe ulisema hautarudi. Nikisimama mbele nitasema nini?"

Kisha akasema lililoniuma zaidi. Kwa kuogopa mizani, hata kliniki aliacha kwenda. Damu yake imepungua.

Je, ushuhuda wake ulikuwa wa uongo?

Nilisomea biashara. Tulifunzwa mapema kwamba huwezi kukadiria miaka kumi kwa faida ya mwaka wa kwanza. Kumbe kwa madhabahu nilisahau. Huko Uswidi, utafiti ulioanza mwaka 1987 ulifuatilia watu zaidi ya 2,000 waliofanyiwa upasuaji wa namna hii. Baada ya miaka 2 walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 23. Baada ya miaka 10, asilimia 17. Baada ya miaka 20, asilimia 18. Yaani kiasi fulani hurudi, halafu uzito hutulia. Wenzao ambao hawakupasuliwa walibaki karibu palepale. Mwili wenyewe hupigania uzito wake wa zamani: njaa huongezeka, na nguvu inayochomwa hupungua. Hiyo si dhambi.

Hebu tupige hesabu. 132 toa 98 ni kilo 34. Robo ya uzito wake haijarudi! Lakini sisi tuliona zile 14 tu.

Mtu atasema, "Pasta, sasa unatetea uzembe." La. Vitamini ni za maisha yote. Vipimo vya damu pia. Kutembea ni lazima, na soda na mandazi ya saa nne yana gharama yake. Lakini nani ataendelea na kazi baada ya kuambiwa mbele ya watu kwamba imekwisha? Mana iliokotwa kila asubuhi, kasoro Sabato. Ya jana iliyofichwa iliingia mabuu. Na hakuna aliyeaibishwa jangwani kwa kuamka na njaa tena.

Kwa hivyo uongo haukuwa wake. Ulikuwa wangu. Niliahidi kwa jina la Mungu jambo ambalo Mungu hakusema, wala daktari hakusema. Nilimwomba msamaha, na Jumatano mimi na mke wangu tulimsindikiza kliniki.

Jambo hili litatufikia wengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wana uzito uliozidi. Wengine watapasuliwa, wengine watatumia dawa, wengine watafunga na kutembea. Wote watahitaji kanisa la mwaka wa tano, si la mwaka wa kwanza peke yake.

Wiki hii, mtafute mtu uliyemshangilia zamani. Usimuulize kilo. Muulize anaendeleaje, kisha usikilize.