Mfinyanzi Hakuutupa Udongo



Wapendwa vijana wenzangu, leo tutafakari kuhusu kitu ambacho wengi wetu tumekiona nyumbani tangu utotoni: jiko la mkaa.

Nilipokuwa darasa la sita, udongo wa jiko letu ulipasuka. Mama akaniambia, "Peleka kwa fundi akabadilishe udongo." Mimi nikaona aibu. Nikamjibu, "Mama, si tununue tu jipya? Watu watanicheka." Akaniangalia, akasema, "Bati hili bado zima. Kilichovunjika ni udongo." Basi nikalibeba huku nimenuna, nimelifunika kanga lisionekane.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba jiko lile lilibuniwa hivyo makusudi. Majiko ya zamani yalikuwa chuma kitupu. Joto lilipotelea pembeni, moto ukala chuma, na baada ya muda jiko likatoboka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Kenya, wataalamu na mafundi wa jua kali walilisanifu upya, wakijifunza pia kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand. Nje wakaweka bati lenye kiuno, ndani udongo wa kuchoma. Udongo unatunza joto na kulikinga bati. Jiko hilo likitengenezwa na kutumiwa vizuri, mkaa hupungua kwa asilimia 30 hadi 50. Na udongo ukipasuka, unabadilisha udongo tu. Ni kweli, bado linakula mkaa, na mkaa ni miti. Lakini gunia moja likidumu muda mrefu zaidi, kuna mti uliobaki umesimama.

Sasa soma Yeremia 18:1-6. Nabii anatumwa nyumbani kwa mfinyanzi. Anakuta chombo kimeharibika mkononi mwa fundi. Je, fundi aliutupa ule udongo? Hapana! Aliufinyanga tena, akafanya chombo kingine. Hata Bwana wetu, watu walipokwisha kushiba mikate, aliagiza vipande vikusanywe kisipotee kitu (Yn 6:12). Yeye aliyeweza kuizidisha mikate mara nyingine yoyote, hakutaka mabaki yatupwe!

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutupa. Alisema wazi kwamba utamaduni huo hauishii kwenye vitu. Unawagusa pia watu wanaoachwa pembeni. Na jamani, si ndivyo tulivyo? Tunatupa feni kwa sababu ya waya mmoja, kisha kwa moyo uleule tunamfungia rafiki WhatsApp kwa sababu ya neno moja.

Tena wakati mwingine tunajitupa sisi wenyewe. Nami niliwahi kukaa karibu mwaka mzima bila kuungama. Nilikuwa nimeanguka vibaya, nikajiambia, "Mimi nimeshaharibika, basi tena." Siku moja nikiwa kwenye foleni ya kitubio, natamani kutoroka, nikakumbuka lile jiko na maneno ya Mama. Ndugu yangu, Kanisa linatufundisha kwamba alama ya Ubatizo haifutiki. Dhambi inaumiza, inavunja, lakini alama ile ipo palepale. Nenda kwa Fundi. Usijifunike kanga.

Wiki hii tufanye mambo matatu. Kwanza, kabla ya kutupa kitu, ulizia fundi. Kabla ya kununua kipya, uliza: kinafunguka? Vipuri vyake vinapatikana? Pili, wewe uliye chuo cha ufundi, unayesomea kuchomelea, ushonaji au umeme: unapobuni kitu, weka skrubu pale ambapo ungeweka gundi, ili mwenzako mwenye kipato kidogo aweze kukitengeneza. Huo nao ni upendo kwa jirani. Tatu, mtafute mtu mmoja uliyemtupa. Mpigie simu.

Tusali: Ee Bwana, Mfinyanzi wetu, sisi ni udongo mikononi mwako. Utusamehe kwa yote tuliyoyatupa yangali yana uzima, vitu na watu. Utufinyange upya, utupe mikono inayotengeneza na moyo usiokata tamaa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.