Ukuta Umekataa

Twiga alianza kuinama siku ya Jumatano. Jumatatu alikuwa amesimama wima kwenye ukuta wa darasa, shingo imekaribia dari, na watoto wa chekechea walipigwa naye picha mmoja mmoja katika siku yao ya kwanza ya shule. Jumatano asubuhi mwenye shule akanitumia picha: kichwa cha twiga kimejikunja kutoka ukutani, kama mtu anayechungulia kisima. Ijumaa shingo yote ilikuwa inaning'inia. Jumatatu iliyofuata watoto walikuwa wameshamaliza kazi kwa vidole vyao. Nyani, mti na herufi zote vilikuwa sakafuni, vimekusanya vumbi upande wa gundi.

Aliponipigia simu nilimwambia maneno ambayo kila fundi wa stika anayajua.

"Mama, ukuta umekataa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mwanangu, ulijua utakataa?"

"Sikuwa na hakika," nikajibu.

Jibu hilo lilikuwa la kweli. Nimelifikiria kwa miezi kadhaa sasa, kwa sababu sikumbuki siku nyingine niliyosema kweli iliyofanana na uongo kiasi kile.

Nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma na nimepanga chumba Ipagala. Ada haimsubiri mtu, kwa hiyo jioni na mwisho wa wiki nafanya kazi na rafiki yangu mwenye mashine ndogo ya kukatia stika. Yeye anakata, mimi nabandika: majina ya saluni, maua ya sebuleni, aya za vitabu vitakatifu, wanyama wa vyumba vya watoto. Kazi ipo. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, na tangu mji huu ulipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, watu wamekuja na nyumba zimeota. Mtaani kwetu nyumba inaweza kupigwa rangi Alhamisi na mpangaji akaingia Jumamosi, harufu ya rangi bado imejaa chumbani.

Hapo ndipo shida yangu inapoanzia. Gundi ya stika haikauki ikawa ngumu kama gundi ya mbao. Inabaki laini maisha yake yote, na inashika kwa kutandaa taratibu juu ya ukuta. Huchukua siku moja hadi tatu kufikia nguvu yake. Ili itandae, lazima ukuta uipokee. Dondosha tone la maji kwenye kioo safi, litatandaa. Dondosha jingine kwenye sahani yenye mafuta, litajikusanya na kubaki kiduara. Rangi nyingi za kisasa za ndani, hasa zile zinazouzwa kwa sifa ya kufutika, zimetengenezwa zifanane na ile sahani. Ndani yake huwekwa vitu kama nta au silikoni ili chai, alama za mikono na michoro ya watoto visishike, vitoke kwa kitambaa chenye maji. Mteja ananunua rangi isiyoshika kitu, halafu ananiita nibandike kitu kishike. Ukuta hauna namna ya kujua kwamba hiki ni uchafu na hiki ni twiga.

Kuna pia suala la muda. Rangi ya maji hukauka mkononi kwa saa chache, lakini kukomaa kwake huchukua wiki tatu hadi nne. Katika siku hizo bado inatoa unyevu na mvuke, na ukiifunika kwa plastiki mapema, mvuke huo unasukuma stika kutoka nyuma. Ndiyo maana ushauri wa kawaida katika kazi hii ni kusubiri karibu mwezi mmoja.

Darasa lile lilipigwa rangi Ijumaa. Mimi nilifika Jumapili saa tisa alasiri. Ilikuwa Januari, mvua zinanyesha, madirisha yamefungwa. Mama mwenye shule, mwanamke wa makamo aliyetumia akiba yake kukodi nyumba ile, alinionyesha ukuta kwa fahari. "Hii rangi nimeambiwa hata wachore na makaa, unafuta tu." Niliupitisha mkono ukutani. Ulikuwa wa baridi na unateleza kama sabuni.

Mkobani nilikuwa na selotepu. Kila anayebandika anajua jaribio hili: unachukua kipande cha selotepu, au cha stika yenyewe, unakisugua vizuri ukutani, unakiacha kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, kisha unakivuta. Kikitoka bila ubishi, umejibiwa. Kikitoka na rangi, umejibiwa pia.

Sikujaribu. Shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake. Malipo yalikuwa shilingi 180,000, na wiki ile nilitakiwa kulipa sehemu ya ada. Nilifuta vumbi, nikabandika, nikapitisha joto la drai ya nywele juu ya kila kona, nikalipwa. Nilipokuwa natoka, kila kitu kilikuwa kimeshika.

Katika semina yetu moja tulisoma insha ya Mwingereza W. K. Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa, iliyochapishwa mwaka 1877. Inaanza na habari ya mwenye meli. Meli ni kuukuu, imewahi kutengenezwa mara nyingi, na watu wamemdokezea kwamba huenda haifai tena kwa safari. Wasiwasi unamsumbua, lakini kuikagua kunagharimu. Basi anajisemesha: mbona imesafiri salama mara nyingi, mbona Mungu yupo. Mwishowe anaamini kwa moyo mweupe kwamba meli ni nzima. Inazama na abiria. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile ingawa aliamini kweli, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Halafu anaongeza jambo lililotugawa darasani: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua. Asingekuwa hana kosa. Kosa lake tu lisingegunduliwa.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni habari ya meli. Sasa naiona ni habari ya selotepu iliyobaki mkobani. "Sikuwa na hakika" ilikuwa kweli, lakini ule ukosefu wa hakika niliutunza mwenyewe. Niliulinda kwa kutofanya jaribio. Kama ningejua, ningelazimika kusema, na kama ningesema, pengine nisingelipwa.

Na lugha yetu ilinisaidia kujificha. Kiswahili kina ukarimu wa pekee kwa mtu aliyekosea. Glasi imevunjika. Maziwa yamemwagika. Kalamu imepotea. Stika imebanduka. Hakuna aliyefanya, mambo yamejitendekea. Tukizidi hapo tunavipa vitu utashi: gari limekataa kuwaka, kufuli limekataa kufunguka, ukuta umekataa. Siichukii tabia hii ya lugha. Mtoto aliyevunja kikombe anastahili njia ya kulieleza jambo bila kuanza kwa kujisulubu, na mara nyingi kweli hakuna wa kulaumiwa.

Lakini neno "kukataa" lina sharti lake. Hakatai asiyeulizwa. Posa haikataliwi kabla haijapelekwa. Kusema kwamba ukuta umekataa ni kudai kwamba niliuomba, na mimi sikuuomba. Niliuvamia Jumapili alasiri nikatumaini.

Najua majibu yanayoweza kutolewa kwa niaba yangu, kwa sababu nimeshajipa yote. La kwanza ni kwamba kosa lina wengi. Mpiga rangi alijua ukuta utawekwa picha. Muuza rangi alisifia kufutika, hakusema kwamba kinachofutika hakibandikiki. Mama mwenyewe alikuwa na haraka. Yote ni sawa. Lakini kati yetu wote waliosimama mbele ya ukuta ule siku ile, ni mimi peke yangu niliyejua swali la kuuliza. Mama alikuwa ananunua zaidi ya plastiki yenye umbo la twiga. Alinunua pia kile ninachokijua na yeye hakijui. Nikikaa kimya juu ya hicho, nimemuuzia nusu ya bidhaa kwa bei kamili.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Nikikataa kazi, kuna kijana mtaa wa pili ataifanya jioni hiyo hiyo. Picha itaanguka vilevile. Tofauti ni kwamba ada yake italipwa na yangu haitalipwa. Uaminifu wa mtu mwenye mshahara na uaminifu wa mtu anayesubiri kazi ya Jumapili havina bei moja, na sipendi watu wanaouhubiri kama vile vina bei moja. Sina jibu linalofuta ugumu huo. Ninachoweza kusema ni kwamba sikuwa nimebakiwa na njia mbili tu, kubandika au kuondoka. Ningeweza kusema, "Mama, ukuta huu una hatari ya kuangusha. Nikubandikie leo ukijua hivyo, au tusubiri?" Pengine angesema bandika. Kuanguka kwa twiga kungekuwa kule kule, lakini hatari ingekuwa yake kwa kuichagua. Nilichomnyang'anya ni uchaguzi huo.

Nilirudi shuleni Jumamosi. Nilimwambia, "Mama, siku ile nilikuwa na njia ya kujua. Sikuitumia."

"Ndicho nilichokuuliza," akasema.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, hivyo kuukwangua ukuta kwa msasa na kuupaka rangi nyingine hakukuwezekana. Tulikubaliana nitafute karatasi za mbao, plaiwudi, nizipake rangi ya mafuta. Nilizipaka nyumbani kwa rafiki yangu, nikaziacha wiki nne, nikajaribu kwa selotepu usiku kucha, ndipo nikabandika twiga mpya na kuzifunga ukutani kwa skrubu. Tulikuwa tumeshaingia Machi. Fedha yote ya kazi ile ilikwisha, na kidogo cha kwangu pia. Ada niliilipa kwa kukopa. Mama hakunishukuru, na sikuona cha kushukuriwa.

Sasa selotepu inatoka mkobani kabla ya kitu kingine chochote. Naibandika mbele ya mteja, namweleza inafanya nini, naiacha pale mpaka kesho. Wengine wanafurahi. Wengine wanaona najivutia muda. Mwezi uliopita kijana mmoja wa kinyozi, upande wa Ilazo, alinionyesha ukuta uliopigwa rangi ya kufutika siku tano kabla. Selotepu ilitoka kama imebandikwa kwenye maji. Nikamwambia jina la duka lake halitadumu wiki mbili, asubiri au tutumie ubao. Alinitazama kwa huruma, akampigia fundi mwingine.

Napita pale kila nikienda sokoni. Wiki ya pili niliangalia kona za herufi, wiki ya tatu vilevile. Naona aibu kusema nilikuwa natafuta nini. Jina lote bado liko ukutani, halijainuka hata ncha. Yule kijana akiniona ananipungia mkono huku anacheka, nami nampungia.

Clifford angeniambia kwamba hilo halibadilishi kitu. Nilichomwambia kilikuwa haki kukisema, na fundi mwenzangu, kama hakujaribu, amebahatika tu. Nakubaliana naye. Lakini nikiwa nimesimama pale kituo cha bodaboda, nikihesabu mfukoni, sikubaliani naye haraka kama nilivyokubaliana darasani.