Kuazima na Kughushi

Mtu akichukua hatua za ngoma ya kigeni akazichanganya na za kwao, je, ametenda wema au uovu? Wako wasemao kuwa urithi ni kisima: kitu kigeni kikiingia, maji yote hunajisika. Hapa Hadado, ambako kisima chathaminiwa kuliko dhahabu, mfano huo huingia moyoni kwa wepesi. Walakini mfano mzuri si lazima uwe hoja nzuri.

Tazama pwani. Yasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni. Muziki ule wa Kiarabu ulikaa na udi wa Kiarabu, kisha ukaipokea fidla ya Ulaya. Akatokea Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, akauimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikanaswa katika sahani za santuri huko Bombay. Leo nani atathubutu kusema kuwa taarabu si mali ya Waswahili?

Beni nayo ni ushahidi. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa walitazama gwaride la Wazungu, tarumbeta zao na vyeo vyao. Hawakuiga kama kasuku. Walitia gwaride lile ndani ya mashindano ya mitaa yaliyokuwapo tangu zamani, wakavaa vyeo vya Kizungu, na nyimbo wakazitunga kwa lugha yao. Ngoma hiyo ilienea hata Tanganyika, ikagawanyika katika Marini na Arinoti.

Basi, je, kila mchanganyiko ni halali? Nilidhani hivyo, hata nilipokosea mwenyewe. Nilikuwa nikifundisha wanafunzi dhaanto, ngoma ya Wasomali, kwa ajili ya mashindano. Niliwapanga safu zilizonyoka, nyuso zikielekea waamuzi, nikaongeza mizunguko niliyoiona katika ngoma za jukwaani. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, nikayakata mashairi, nikabakiza makofi na hatua. Watazamaji walishangilia. Mzee mmoja, ambaye mjukuu wake alikuwa akicheza, alinijia akaniamkia kwa heshima, kisha akasema, “Mwalimu, watoto wamecheza vizuri. Lakini hiyo si dhaanto. Hawakuambiana neno.”

Nilitaka kumjibu kuwa dunia inakwenda mbele. Nikanyamaza, kwa sababu alisema kweli.

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nguo nikiichukua, mwenyewe hubaki uchi. Lakini ngoma nikiichukua, mwenyewe hubaki nayo. Kwa nini, basi, mzee yule alihuzunika? Si kwa safu zilizonyoka, maana hakuzitaja. Alihuzunika kwa sababu niliutoa moyo wa kitu, kisha nikakiita kwa jina lake lile lile. Mtoto asiyejua angeondoka pale akiamini kuwa dhaanto ni makofi matupu. Huko si kuazima. Huko ni kughushi.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Siti hakuimba kwa Kiswahili huku akidai kuwa hivyo ndivyo waimbavyo Misri. Vijana wa beni hawakudai kuwa askari. Waliazima kwa uwazi, wakaongeza cha kwao kilicho bora. Mimi niliongeza mapambo nikapunguza maneno, na katika jamii ambayo mshairi huheshimiwa sana, kupunguza maneno ni kupunguza watu.

Utaniuliza: ni nani ajuaye moyo wa ngoma uko wapi? Wazee wenyewe hawakubaliani daima. Kweli. Lakini kutokubaliana kwao si ruhusa ya kutowauliza. Mwaka uliofuata nilimwendea mzee yule kabla ya kupanga hatua moja. Mashairi yakarudi, safu zangu zikabaki, naye akacheka akasema kuwa zinafanana na ngamia waendao kisimani.

Kijana, changanya usiogope. Lakini kabla ya kukata, uliza; na ukiisha kukata, usiongope jina. Aazimaye kwa adabu humwongezea mwenye mali. Aghushiye humpokonya hata kile alichomwachia mkononi.