Fomu Zilizorudi Zote Nzima

Matroni wa hospitali moja ya binafsi alichoshwa na kupanga rosta na kuipangua. Kila mwezi muuguzi fulani alipata ED, ruhusa ya daktari ya kutofanya kazi, ya wiki kadhaa, na zamu zake zikawaangukia wenzake waliokuwa hoi tayari. Akapata hojaji ya kupima uwezo wa kazi, iliyobuniwa Finland miaka ya 1980 na watafiti wa afya kazini. Huuliza hivi: Ukilinganisha na wakati ulipokuwa na nguvu kuliko wakati wote, uwezo wako wa kazi leo ni ngapi kati ya 10? Daktari amekukuta na magonjwa gani? Miaka miwili ijayo, utaiweza kazi hii? Jumla ya alama huanzia 7 hadi 49; chini ya 28 ni uwezo duni.

Ni chombo kizuri, tena kizuri sana, kwa sababu mtu huujua mwili wake kabla ya maabara kuujua. Wenye alama za chini kweli huugua muda mrefu mara nyingi zaidi.

Mwaka wa kwanza wauguzi walijibu ukweli. Mmoja wa wodi ya mifupa, aliyekuwa akiwageuza wagonjwa peke yake usiku hadi mgongo ukamsaliti, alipata 26. Matroni alilipeleka jina lake kwa mwajiri, na mkataba ulipoisha hakuongezewa. Dhuluma! Alama hizo hutabiri habari za kundi. Haziwezi kuapa kwamba huyu ndiye atakayelala kitandani. Naye hakuwa amekosa zamu hata moja. Ile 26 ilikuwa ikiomba mtu wa pili usiku na shuka za kumtelezeshea mgonjwa.

Habari zilienea siku hiyohiyo. Mwaka uliofuata kila fomu ilirudi na 44 au zaidi. Mwenye kisukari hakukiandika, wala asiyepata usingizi hakuliandika tatizo hilo. Miezi michache baadaye wodi ya mifupa ilipoteza wauguzi watatu kwa mpigo, na mmoja alimaliza siku zote 126 za likizo ya ugonjwa zinazotolewa na sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu.

“Mbona hukuniambia?” matroni alimuuliza.

“Matroni, yule aliyekuambia yuko wapi?”

Sasa fomu hukusanywa na daktari wa nje, na hospitali huonyeshwa wastani wa wodi tu. Zamu ya usiku imeongezewa mtu. Wodi ya mifupa bado inaandika 44.